Jogoo wa Muuaji

Tangu yule binti wa mji wa Beni afike, Marie-Jeanne alikuwa anakula lakini chakula hakimshuki. Gracieuse alikuwa na shingo ndefu. Gracieuse alijua kunyamaza. Gracieuse akicheka, fundi wa kamera anasahau kuwasha mashine. Na kibaya kuliko vyote, alikuwa na heshima. Kila asubuhi alimsalimu Marie-Jeanne kwa mikono miwili, magoti yamekunjwa, "Mama, umeamuka muzuri?" Sasa mtu wa namna hiyo utamchukia kwa njia gani? Inabidi ujitahidi. Marie-Jeanne alijitahidi.

Wote wawili walicheza katika Mulango ya Nyuma, ule mchezo wa televisheni ambao Butembo imeutazama misimu tisa bila kuchoka. Kila msimu anauawa mtu mmoja, na Jumapili baada ya Jumapili Komiseri anamtafuta muuaji, mpaka kipindi kile kinachotangulia cha mwisho. Hapo ndipo jina linatajwa. Siku hiyo mwenye jenereta anaiwasha mapema, asiye nayo anakwenda kwa jirani na kiti chake kichwani, na hata ibada za jioni zinafupishwa, ingawa hutampata padri wala mchungaji atakayekubali kwamba ni kwa sababu hiyo.

Marie-Jeanne alikuwamo tangu mwanzo kabisa. Yeye ndiye Masika, mtumishi wa nyumbani kwa Komiseri. Anaingia kwa mlango wa nyuma na sinia, miguu mitupu, maana kandambili zinapiga kelele kwenye maikrofoni. Anasema, "Chai, Komiseri." Anaweka. Anatoka. Basi! Misimu tisa, chai, Komiseri. Sokoni, kwenye meza yake ya vikwembe, yaani vitenge, watoto walimwimbia maneno hayo na yeye akawatupia pipi, maana ilikuwa tamu, tusidanganyane. Lakini kuna siku mikono inachoka kubeba sinia.

Msimu huu kulikuwa na nafasi. Mzee Henri, aliyecheza Komiseri, magoti yalikuwa yamemkataa, kwa hiyo ilipangwa Komiseri apigwe risasi ya bega, alazwe hospitalini, na mtu mwingine ataje jina la muuaji. Mwenye mchezo alikuwa Éliakim, zamani mwalimu wa shule ya msingi na mpaka leo mwongoza kwaya kwao Waprotestanti, ambaye kila mtu alimwita Monsieur. Alimwambia Marie-Jeanne, akimwita kwa jina la binti yake mkubwa kama ilivyo adabu, "Mama Bénie, saison hii Masika ataacha sinia. Atasema." Hakueleza atasema nini. Marie-Jeanne alijijazia mwenyewe, akaenda nyumbani akiimba.

Halafu Monsieur akashuka Beni, akarudi na Gracieuse. Eti ni inspekta mpya.

Siku ya kuchukua picha za maiti ndiyo iliyoharibu mambo. Kwa Monsieur hakuna karatasi ya maneno ya kukariri. Anakuambia wewe ni nani, unataka nini na unaficha nini. Maneno utayatoa kwenye kinywa chako mwenyewe. Marehemu wa msimu huu alikuwa mchuuzi wa kahawa, na kijana Nzanzu alikuwa amelala sakafuni akimcheza, anajizuia kupiga chafya. Kila mtu alingoja Gracieuse aingie, aone, apige kelele. Butembo tunajua kulia kwa televisheni. Tunalia mpaka majirani wanakuja kutoa pole.

Gracieuse hakulia. Alisimama mlangoni kidogo. Akafungua kikwembe kiunoni, akainama, akafunika miguu ya maiti. Miguu tu. Akachomeka pindo chini ya visigino, taratibu, ili upepo usikifunue. Kisha akakaa chini kando yake, mikono mapajani, akabaki hivyo. Hakuna aliyepumua. Machozi yalimtoka Nzanzu, yeye maiti, macho yamefumbwa. Monsieur alisahau kusema coupez, kamera zizimwe.

Nyuma ya mlango, na sinia lake mkononi, Marie-Jeanne aliona wivu unampanda mwili mzima. Aliyataka yale machozi ya Nzanzu. Aliutaka ule ukimya. Alikitaka hata kile kikwembe, na kikwembe chenyewe kilitoka kwenye meza yake! Alikuwa amemchagulia yule binti yeye mwenyewe, cha buluu chenye ndege, akamkatia na kumpindia pindo, wiki ile ya kwanza kabla hajajua anamvisha nani.

"Huyu njo atasema jina," Monsieur alimwambia Henri pembeni, akijifuta miwani.

Marie-Jeanne alimfuata mpaka uani. "Monsieur. Na miye?"

"Na weye utasema, Mama Bénie. Vumilia."

"Nitavumilia mpaka wapi? Kumuonyesha mutu kidole, hata miye naweza!"

"Unaweza," alisema Monsieur. "Mais yule mutoto akikuangalia, unaanza kujiuliza weye mwenyewe ulifanya nini."

Hilo ndilo alilomjibu. Marie-Jeanne alirudi ndani akakusanya vikombe kwa kelele, kimoja kikapasuka mkono, na Gracieuse akaja mbio, "Acha, Mama, acha nikusaidie." Aka! Alitamani kumpiga nacho.

Sasa ni lazima ujue habari ya jogoo. Hapo zamani, msimu wa tatu, kijana mmoja alicheza mtilia sumu, na alicheza vizuri mno. Wenye nyama walikataa kumuuzia. Wazazi wa mchumba wake walirudisha mbuzi wa mahari, wakasema binti yetu haendi kwa muuaji. Ilibidi Monsieur aende mwenyewe kupiga magoti. Toka siku hiyo aliweka desturi: kabla ya kuchukua picha za kutaja jina, anakwenda nyumbani kwa atakayekuwa muuaji na jogoo mkononi, anakaa na wazee wa nyumba, anawaambia waziwazi kwamba mtoto wenu ataua, ni ya televisheni, mtupe ruhusa. Jogoo analiwa na nyumba nzima. Aliyemla hasemi neno nje mpaka Jumapili ipite. Na katika mji huu ambapo ukikohoa huku Vutetse wanakupa pole kule Furu, hakuna nyumba iliyowahi kutoa siri ya jogoo. Watu walijivunia hilo. Na Marie-Jeanne, misimu yote hiyo, alikuwa akimngoja jogoo mlangoni kwake. Hakuja hata siku moja.

Basi alikuwa anampelekea mteja vikwembe mlimani alipomwona Monsieur amepakiwa nyuma ya motari, mwendesha pikipiki, koti limefungwa mpaka shingoni, na upanga mwekundu wa kichwani mwa jogoo unachungulia kwenye kola. Pikipiki ilisimama kwa Mbusa, ambaye katika mchezo ndiye mwenye duka la dawa. Mke wa Mbusa alikuwa mlangoni. Alimwona Marie-Jeanne barabarani, akampungia mkono. Marie-Jeanne naye akampungia, akaendelea na safari yake na mzigo kichwani, na kichwa kinafanya kazi.

Hakuwa na haja ya kufikiri sana. Jina ambalo kila mtu analijua halina utamu kulitaja. Acha inspekta wa Beni asimame na shingo yake ndefu aseme "Mbusa", na mji mzima upige miayo.

Sokoni jirani yake ni Nadège, muuza makayabu, samaki wa chumvi, mwanamke mwema ambaye kinywa chake hakina mlango, wa mbele wala wa nyuma. Marie-Jeanne alikunja kikwembe, akakikunjua, akakikunja tena.

"Nadège, mutoto yako akiwa na homa, dawa utanunua kwa Mbusa?"

"Mbusa gani? Ule wa mu televizheni?" Nadège aliacha samaki. "Yo! Usiniambie!"

"Miye sikusema kitu."

"Hukusema kitu, mama yangu, hukusema kitu," Nadège alisema, na tayari alikuwa anavaa viatu.

Kabla makayabu hayajaisha mezani, habari ilikuwa imepanda lori kwenda Kayna na kushuka na wachuuzi hadi Kamango. Vijana walimzomea Mbusa barabarani, muuaji, muuaji! Redio moja ya Beni iliwapigia simu wasikilizaji waseme walijuaje. Marie-Jeanne alisikiliza yote hayo moyo unamcheza, nusu furaha, nusu kitu kingine ambacho hakukipa nafasi.

Monsieur aliwaita wote. Hakuuliza nani alisema. Alisema tu kwamba muuaji atabadilika, na kwamba amechoka. Ni Henri aliyeuliza, mzee wa watu, kwa uchungu.

"Misimu yote jogoo haijatoka nje. Nani ilijua? Monsieur, Mbusa, na huyu binti, juu yeye njo angetaja jina. Mbusa hawezi kujiuza." Aligeuka. "Mbele ya huyu kuja, mambo kama haya hapana."

Kila mtu alimtazama Gracieuse.

"Hapana miye," alisema Gracieuse.

Akawatazama mmoja mmoja, akafika kwa Marie-Jeanne, na hapo macho yake yakasimama. Hakuwa anamshitaki. Alimwangalia vile mtoto anavyomwangalia mama akiwa katikati ya watu wasiomjua, anangoja neno moja tu. Marie-Jeanne aliinama akaanza kupanga vikombe kwenye sinia. Alivipanga vizuri sana.

"Arudi kwao," alisema Henri.

"Amalize kwanza episode hii," alisema Monsieur. "Nyuma ya pale ataenda."

Na jioni hiyo Marie-Jeanne alikula, na chakula kikashuka.

Jogoo alifika kwake keshoye, mchana kweupe. Mume wake Mathe alikuwa anaanika maharage uani, na mama mkwe, mzee Hulda, ameketi juani na tasbihi yake. Monsieur aliingia akavua kofia. Jogoo alikuwa mwekundu, mkubwa, mwenye hasira.

"Nimebisha kwa amani," Monsieur alisema. "Mama wa nyumba hii ataua mutu. Ni ya televizheni, hapana ya kweli. Mupokee, mukule bote, museme mulijua."

"Wasingya, Nyamuhanga!" Mzee Hulda alimshukuru Mungu kwa kilugha, akapiga vigelegele mpaka tasbihi ikaanguka. "Tumejua, mwanangu! Auwe muzuri! Miaka yote najiuliza, jogoo inaruka nyumba yetu juu ya nini?"

Mathe alimwangalia mke wake kwa fahari, akaenda kutafuta kisu. Marie-Jeanne alisimama katikati ya maharage. Hicho ndicho alichokuwa anakitaka, kitu chenyewe kabisa, na kilikuwa hapo kinampigia kelele miguuni.

"Sumu ilikuwa mu chai," Monsieur alimwambia walipobaki wawili. "Muchuuzi alikunywa chai kwa Komiseri mu episode ya kwanza, uko nakumbuka? Bote balikuona ukiweka kikombe. Hakuna mutu anamuzaniaga Masika."

"Na nyuma ya pale?"

"Nyuma ya pale Masika anaenda gereza. Unajua, mu mchezo yetu muuaji harudiake."

Alijua. Alikuwa ameipenda sheria hiyo, maana ilimfanya yeye abaki na wengine waende.

"Na sababu? Alimuua juu ya nini?"

"Sababu utaitafuta weye mwenyewe." Monsieur alivaa kofia yake. "Bibi ya Mbusa anakusalimia. Anasema siku ile mulipungiana mukono."

Basi Monsieur alijua. Alingoja amtukane, amwambie mbele ya Mathe, amwaibishe. Monsieur aliaga tu, kwa adabu yake ya shule. Jioni nyumba nzima walimla jogoo, na mzee Hulda akasifu supu. Marie-Jeanne alipewa firigisi, kipande cha heshima, na alikitafuna muda mrefu bila kukimeza.

Picha za kutaja jina walizichukulia Beni, nyumbani kwa shangazi yake Gracieuse, aliyekuwa amewapa sebule. Katika gari hakuna aliyetaka kukaa karibu na Gracieuse, mtoa siri, kwa hiyo kiti kilichobaki wazi kando yake kilimwangukia Marie-Jeanne. Walipita Maboya, walipita Kabasha, walishuka kwenye vizuizi vya askari na kupanda tena. Gracieuse alimenya ndizi, akaikata katikati, akampa nusu. Hakuwa na chuki hata kidogo. Ilikuwa inaudhi.

"Nani ilikufundisha?" Marie-Jeanne aliuliza mwishowe. "Ile ya kufunika miguu."

"Hakuna mutu, Mama." Gracieuse aliangalia nje. "Baba, balimuleta nyumbani juu ya mulango. Balikuwa bameung'oa ku shamba kule, juu hakukuwa kitu ingine ya kumubebea. Kikwembe ilikuwa fupi, haifiki kote. Mama akasema tuanzie ku miguu, juu miguu njo inasikia baridi."

Marie-Jeanne alishika ile nusu ya ndizi. Kwa hiyo hicho ndicho alichokionea wivu. Alikuwa ameutamani msiba wa mtu, akalala nao, akaamka nao. Ungefikiri wivu ungemtoka pale pale garini. Haukutoka. Ulikaa ulipokuwa, na aibu ikaja kukaa kando yake, na viwili hivyo vikambana mpaka Beni.

Sababu alikuwa ameshaitafuta, na ilikuwa nzuri: mchuuzi wa kahawa alimnyang'anya Masika shamba la baba yake kule Kipese. Watu wangependa. Shamba, Butembo, linaeleweka. Monsieur alisali kifupi kama kawaida, kamera zikawashwa, na Marie-Jeanne akaingia kwa mlango wa nyuma, miguu mitupu, sinia mkononi.

"Chai," alisema, na Komiseri hakuwapo.

"Weka sinia, Mama Masika," alisema Gracieuse. "Ikaa."

Aliweka. Akakaa. Misimu tisa, na hakuwahi kukaa kwenye kiti mbele ya kamera. Gracieuse alimwangalia, na Monsieur alikuwa amesema kweli kuhusu macho yale.

"Ni weye uliweka sumu," alisema Gracieuse polepole. "Juu ya nini, Mama?"

Marie-Jeanne alifungua kinywa aseme shamba.

"Juu ya wivu," alisema.

Henri, amefungwa bandeji ya mchezo begani, aliinua kichwa kule pembeni.

"Nilibeba sinia mpaka mikono ikachoka," alisema Marie-Jeanne. "Watu wakininyamazia miye, ni juu wanangoja niweke vikombe nitoke. Weye ulikuja, ukaikaa chini, bote bakanyamaza juu yako. Nilikutamania ata kilio yako, mutoto. Ata baba yako kufa, nilikutamania, bila kujua. Jogoo, ni miye niliiona. Ni miye nilisema ku soko. Balipokutupia kosa, uliniangalia, na miye nikapanga vikombe."

Si Masika aliyekuwa anasema hayo, na kila mtu sebuleni alijua. Fundi wa kamera aligeuza uso kwa Monsieur, Monsieur akamwonyesha kwa mkono, endelea. Henri alikuwa ameshika kinywa. Mbusa aliangalia sakafu.

Kilichobaki kilikuwa neno moja. Gracieuse alipaswa kusema "mumufunge", na askari wawili wa mchezo walikuwa tayari mlangoni na pingu zao. Marie-Jeanne alilingoja neno hilo. Alilitaka. Asemwe, apelekwe, yaishe.

Gracieuse hakusema. Alisimama, akafungua kikwembe kiunoni, kile cha buluu chenye ndege, akapiga magoti sakafuni mbele ya kiti. Akafunika miguu ya Marie-Jeanne. Akachomeka pindo chini ya visigino, upande huu, halafu upande huu, bila haraka.

Beni ni joto, wala upepo haukuwapo. Marie-Jeanne aliangalia miguu yake ikipotea chini ya kitambaa alichokikata kwa mkono wake, naye yu hai, anapumua, anaona. Alitaka kuivuta, lakini haikutii. Gracieuse alikaa chini kando yake, mikono mapajani. Kamera ilikuwa bado inachukua picha, na Monsieur hakusema coupez.